Majina Yaliyokuwa Chini ya Mashine

Mashine ilianguka saa nne asubuhi, mchana kweupe, watu wakiangalia. Walikuwa wameshaitoa uani na kuivusha mlangoni, imebaki kama hatua tatu ipande gari, ndipo mnyororo mmoja ulipochomoka kwenye ndoano. Ikalala ubavu pale barabarani kwa mshindo uliowainua wauza vitenge wote wa upande wa pili. Hakuumia mtu. Wapagazi walimshukuru Mungu kwa hilo, na Bushiri naye alishukuru, lakini kwa mdomo tu. Macho yake yalikuwa yameshaanza kutafuta palipovunjika.

Bushiri alikuwa na miaka arobaini na tisa, mkereza vyuma, mtoto wa mkereza vyuma. Ile ilikuwa mashine ya kukerezea: unakifunga chuma kwenye kichwa chake, kinazunguka, kisu kinakimenya kama muwa mpaka kinapata umbo unalolitaka. Baba yake, mzee Abdulmalik, aliinunua mwaka sabini na nane kwa Mhindi mmoja aliyekuwa anafunga karakana, na tangu hapo mtu wa Kariakoo aliyechakaliwa na shafti ya mashine ya kusaga, au puli, au bushi ya gari, alijua aende wapi. Juu ya mlango palikuwa na kibao cha bati: ABDULMALIK NA MWANA. Huyo mwana ni Bushiri. Kibao kilipoandikwa alikuwa na miaka tisa na hajui hata kushika nyundo.

Sasa nyumba ile ya karakana, jirani kabisa na Mtaa wa Msimbazi, ilikuwa imeuzwa ivunjwe ipande ghorofa, na Bushiri alikuwa amepata banda Gerezani. Kuhama kwenyewe ndiko kulikoleta balaa.

Mashine iliinuliwa jioni ile ile, ikafikishwa Gerezani ikiwa majeruhi. Meno mawili ya gia kubwa yalikuwa yameng'oka. Skrubu ndefu inayovuta kisu ilikuwa imepinda. Lakini kilichomtia Bushiri baridi ni kichwa chenyewe, lile sanduku zito la chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa kikamiminwa, linalobeba na kuzungusha kazi yote. Boliti zake mbili zilikuwa zimevutika na kichwa kimesogea upande, unene wa ukucha. Kwenye mashine ya namna ile, unene wa ukucha ni safari ya kutoka Dar mpaka Morogoro.

Na kichwa, kwa sheria ya baba yake, kilikuwa hakifunguliwi. Vingine vyote Bushiri alikuwa ameshavifungua mara hamsini. Kichwa hapana. Mzee alikuwa akisema kimekaa pale kwa kipimo, na kipimo hakichokonolewi. Bushiri alilitii neno hilo ujana wake wote bila kuuliza.

*

Hapo hatuna budi kumzungumzia Ignasi.

Ignasi alikuja kutoka Masasi mwaka tisini na sita, kijana wa miaka ishirini na miwili, akiwa na barua ya padri na jozi moja ya viatu. Alimzidi Bushiri mwaka mmoja. Mzee Abdulmalik alimpokea afagie banda na kuosha vyuma, na baada ya miezi sita alikuwa amesimama kwenye mashine. Alitumia mkono wa kushoto, na watu walidhani hatafika mbali, maana mashine imetengenezwa kwa ajili ya wa kulia. Akafika mbali.

Ignasi hakuwahi kumkosea Bushiri hata kwa neno, na hilo ndilo lililokuwa likimuumiza zaidi. Angekuwa mjeuri au mwizi, Bushiri angepumua. Lakini alikuwa mpole, anawahi kazini, anamsalimia kila mtu, na vipimo vyake havikosei. Wateja wakija walichungulia ndani na kuuliza, "Ignasi yupo?" Nyumbani Magomeni, wakati wa kula, baba alisimulia Ignasi kafanya nini leo. Bushiri akikwama na kazi akamuuliza baba, baba, bila hata kuinua kichwa, alimwambia amuulize Ignasi. Miaka kumi na mitano Bushiri aliumeza wivu huo pamoja na chakula, mpaka Ignasi alipoaga mwaka elfu mbili na kumi na moja, akaenda Feri kufungua kibanda chake cha kutengeneza shafti za mashua. Siku aliyoondoka, Bushiri aliwanunulia kahawa na kashata watu wote wa pale uani. Walidhani ni ukarimu wa kuagana.

Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kikimliwaza katika miaka ile. Mwaka elfu mbili na tisa, baba alimwita pembeni, akampa nauli na fedha za ununuzi, akamtuma Tanga kuchagua shafti za mitambo ya mkonge iliyokuwa ikiuzwa kama chuma chakavu. Wiki mbili peke yake. Hakumtuma Ignasi, alimtuma yeye. Safari ile Bushiri aliisimulia kila mahali. Salma mkewe alikuwa anaijua kituo kwa kituo, mpaka jina la mama aliyempikia ugali na samaki Muheza.

*

Kazi ya kuifungua mashine ilimchukua siku tano. Aliifanya mwenyewe. Alitandika magunia sakafuni, akaanza kushusha kitu kimoja kimoja: mkanda, vifuniko, chaki inayobana chuma, gia moja baada ya nyingine. Kila kipande alikiosha kwa mafuta ya taa, akakipangusa, akakiweka kwa mpangilio wa kilivyotoka, na pembeni yake namba ya chokaa. Gia iliyong'oka meno aliipeleka kwa jirani mwenye mashine ya kuchongea gia. Beringi mpya alizipata dukani Kariakoo baada ya kuzunguka asubuhi nzima na ile ya zamani mfukoni. Skrubu ndefu aliinyoosha kwa jeki, taratibu, huku akiipima kila anapoibonyeza. Zilikuwa siku nzuri. Alikuwa anafanya kazi ngumu na anaiweza, na hapakuwa na mtu wa kumwambia amuulize nani.

Siku ya sita alifunga cheni bloku kwenye boriti, akafungua zile boliti, akakiinua kichwa. Kilining'inia. Akakigeuza polepole, akakilaza chali juu ya magogo mawili ili aone miguu yake.

Jambo la kwanza aliloliona ni ufa. Ulianzia kwenye mguu wa mbele ukapanda kama shibiri moja, na ulikuwa umeshonwa. Mtu alikuwa ametoboa matundu madogo juu ya ufa, moja limeling'ata lenzake, akayajaza skrubu na kuzisawazisha mpaka ufa ukawa mstari wa vitone. Ilikuwa kazi safi kuliko yoyote aliyowahi kuiona, na hakuwahi kusikia kwamba mashine yao iliwahi kupasuka.

Kisha akatazama nyuso za miguu, pale kichwa kinapokalia kitanda cha mashine. Zilikuwa zimekwanguliwa kwa mkono. Huo ni ufundi wa peke yake: unakikwangua chuma kwa patasi, unga kwa unga, mpaka nyuso mbili zikikutana hazipitishi hata nywele. Alama zake hubaki kama magamba ya samaki. Magamba yale yote yalikuwa yamelalia upande mmoja, upande ambao mkono wa kulia hauwezi kuyalaza.

Katikati ya nyuso mbili, kwenye bapa lisilogusa kitu, palikuwa pamegongwa herufi kwa nyundo, zimenyooka vizuri:

ABDULMALIK – IGNASI. JULAI 2009.

Bushiri alisoma mara moja, akakaa juu ya ndoo. Julai elfu mbili na tisa yeye alikuwa Tanga, anakula ugali na samaki Muheza, anajiona mtu aliyeaminiwa.

Alibaki pale mpaka adhana ya adhuhuri ikapita. Alikuwa anaiona picha yote: yeye anapanda basi na kibegi chake, baba anampungia mkono, kisha baba anarudi uani na kumwambia Ignasi haya, ameshaondoka, tuanze. Wiki mbili wawili wale wamekiinua kichwa ambacho mwana alikatazwa kukigusa. Baba amemfundisha Ignasi kukwangua, kazi ambayo Bushiri alikuwa akiisikia tu ikitajwa. Kisha wameandika majina yao na kuyafunika. Na yeye miaka kumi na mitano amesimama mbele ya mashine ile kila siku, majina yale yakiwa chini ya kitovu chake.

Wivu aliokuwa amezoea kuumeza safari hii haukumezeka. Aliinuka, akachomeka grainda kwenye umeme, akayafuta majina.

Haikuchukua hata dakika mbili. Herufi ziliruka cheche. Lakini alipozima, pale palibaki kovu jeupe linalopiga kelele kuliko maandishi, na jiwe la grainda lilikuwa limeteleza likaung'ata uso wa mguu wa nyuma. Mtu mwenye akili zake angeacha hapo. Bushiri aliona magamba yale ya mkono wa kushoto, akayaona yanamcheka. Akaiwasha tena. Akaupitishia grainda uso wote wa ule mguu, kwenda na kurudi, akijiambia anausawazisha. Alipomaliza mguu uling'aa kama sahani mpya. Hapakuwa na gamba hata moja.

*

Wiki iliyofuata aliirudishia mashine yote. Iliwaka vizuri, gia zikanguruma kwa utulivu, majirani wakaja kumpa hongera. Akafunga chuma cha urefu wa mkono, akakikereza, akakipima. Mwanzo kilikuwa kinene, mwisho chembamba. Akarudia, ikawa vile vile. Kichwa kilikuwa kinatazama pembeni, hakitazami mbele.

Alilegeza boliti, akapenyeza chini ya ule mguu vipande vya bati vilivyokatwa kwenye kopo la soda. Kwa nusu saa mambo yakawa sawa. Alipofunga kazi nzito, bati likasagika, kichwa kikaanza kutetemeka, na shafti ya mteja ikatoka ina mawimbi. Mteja huyo, mtu wa mashine ya unga, aliishika, akaipitishia kidole, akaiacha juu ya meza. Alisema atapita siku nyingine.

Chote kilichovunjwa na kuanguka Bushiri alikuwa amekitengeneza. Kilichobaki kibovu ni kile alichokivunja yeye kwa mkono wake, na alijua kwamba katika mji mzima ni mtu mmoja tu aliyemjua ambaye angeweza kukirudisha. Siku tatu alizunguka banda bila kufanya kazi. Salma alimuuliza kama anaumwa, akasema ni joto.

Ijumaa, baada ya sala, alienda Magomeni.

Mzee Abdulmalik alikuwa na miaka themanini na moja. Miguu ilikuwa imemkataa, lakini kichwa kilikuwa kizima, na Chiku, dada yake Bushiri, ndiye aliyekuwa akimtazama. Bushiri alimkuta kwenye kiti chake cha kamba barazani, ameshavua kanzu, anajipepea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mashine imeamka?"

Bushiri akasema imeamka lakini ina kilema. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameyarudia maneno yale njia nzima na hakutaka yampotee, akasema alikifungua kichwa na akaona majina. Hakusema alichoyafanyia. Aliuliza tu kwa nini.

Mzee aliacha kujipepea. Chiku alikuwa ameleta chai, akaiweka, akaingia ndani.

"Ule ufa uliuona?" mzee aliuliza.

"Niliuona."

"Ulikuwa wako."

Akamsimulia. Juni ya mwaka ule Bushiri alifunga puli kubwa ya chuma cha kusubu bila kuisawazisha vizuri, akaikimbiza kwa kasi. Ikachomoka. Bushiri aliikumbuka siku hiyo. Puli ilivunjika vipande, mteja akafidiwa, yakaisha. Lakini kesho yake, wakati wa kupangusa, mzee aliuona ufa kwenye mguu wa kichwa. Wakati ule Bushiri alikuwa na maneno ya kuacha ufundi. Kulikuwa na rafiki yake anauza mitumba, anamwita kila siku, anamwambia chuma ni kazi ya wazee.

"Ningekuonyesha ule ufa, ungeenda," mzee alisema. "Ungesema si unaona, mimi siwezi. Nikamwambia Ignasi tuufiche. Nikakutuma Tanga."

Bushiri aliuliza zile shafti za Tanga je, zilikuwa na kazi gani. Baba akasema zilikuwa shafti nzuri, walizitumia. Alisema hivyo kwa upole, na upole huo ulichoma.

Mtu mwingine angeondoka pale moyo umelainika. Bushiri alishuka barazani moyo umechafuka zaidi, na ilimchukua mpaka kituoni kuelewa kwa nini. Kumbe hakuibiwa kitu, alilindwa. Baba alikuwa ameweka watu wazima wawili upande mmoja, yeye na Ignasi, na upande wa pili akamweka mtoto wa kufichwa habari mbaya. Mtoto huyo alikuwa na miaka thelathini na minne, na ndevu. Ignasi alipewa siri na patasi. Yeye alipewa nauli. Ingekuwa rahisi kumsamehe baba kwa kumpenda Ignasi zaidi, kuliko kumsamehe kwa kumpenda yeye namna ile.

Lakini mashine ilikuwa bado ina kilema, na Jumatatu asubuhi akaenda Feri.

*

Kibanda cha Ignasi kilikuwa nyuma ya wakaanga samaki, kidogo, kimejaa moshi wa mafuta yao. Alikuwa ameota mvi na amenenepa shingo. Alimwona Bushiri, akafuta mkono, akasema, "Mambo, Bushiri," kana kwamba waliachana jana. Bushiri akajibu poa. Akamweleza: mashine imeanguka, kichwa kimefunguliwa, mguu mmoja haukai. Ignasi hakuuliza gharama wala muda. Aliuliza habari za mzee, kisha akachukua kiboksi cha mbao kutoka chini ya meza, akafunga mlango kwa kufuli.

Gerezani wakakiinua kichwa tena, wakakigeuza. Ignasi akavaa miwani, akainama. Alikaa ameinama muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye mguu uliong'aa, akakipeleka mpaka katikati, kwenye lile kovu.

"Hili si la kuanguka," akasema.

"Ni grainda," Bushiri akajibu. "Ni mimi."

Ignasi akavua miwani. Bushiri alijiandaa kutukanwa. Alikuwa anatamani atukanwe, ili wawe sawa.

"Unajua kwa nini tuliandika pale?" Ignasi alisema. "Mimi ndiye niliyemwomba mzee. Miaka kumi na tatu nilikuwa napita chini ya kile kibao cha mlangoni. Abdulmalik na mwana. Mwana hajui kukwangua, mwana kapasua kichwa, mwana kapelekwa Tanga kutembea, na bado kibao ni chake. Nikamwambia mzee, basi na mimi niandike hata mahali pasipoonekana. Ndipo akanigongea pale. Na pale napo umenifuta."

Hakupandisha sauti. Bushiri alikuwa hajawahi kumsikia akizungumza maneno mengi hivyo kwa mara moja. Na hakuwahi hata siku moja, katika miaka yote ya kumtazama yule mtu kwa jicho la pembeni, kufikiri kwamba yule mtu naye alikuwa akimtazama.

Akasema, "Nisamehe." Lilikuwa neno dogo na alilisema vibaya, akitazama magogo. Ignasi akasema sawa. Haikuwa sawa, wote wawili walijua, lakini lilikuwa neno la kuanzia kazi.

Ignasi akaeleza kinachotakiwa. Mguu ule umeshuka, kwa hiyo nyuso nyingine zote zishushwe ziufuate. Kichwa chote kikishuka, mkia wa mashine, ule unaoshikilia chuma upande wa pili, nao ushushwe ulingane. Ni kazi ya wiki mbili kwa mtu mmoja. Kwa watu wawili, wiki moja.

"Sijui kukwangua," Bushiri alisema.

"Najua hujui."

Basi akamfundisha. Unapaka rangi ya bluu kwenye kitanda cha mashine, nyembamba kama pumzi. Unakishusha kichwa, unakisukuma kidogo, unakiinua. Palipoinuka pameshika rangi. Hapo ndipo unapokwangua, hapo tu, kisha unafuta, unapaka, unashusha tena. Cheni bloku ilipanda na kushuka mara sitini, mara themanini. Siku ya kwanza patasi ya Bushiri iliruka na kuchimba, na Ignasi alimwambia asiisukume kwa mkono, aisukume kwa nyonga. Siku ya pili mabega yalimuuma hata kushika kijiko hakuweza. Ignasi alifanya upande wake akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, na kila Bushiri alipoinua macho aliona mkono ule wa kushoto unatembea bila kusita, magamba yanapangika. Wivu ukampanda palepale, mbichi, kana kwamba hakuomba msamaha wowote. Alikuwa akiukuta kila asubuhi umemtangulia kazini. Lakini sasa ulikuwa na kazi ya kufanya: alimtazama Ignasi kwa jicho la mwenye njaa, akaona pembe ya patasi, akaona pumzi inavutwa lini na kuachwa lini. Siku ya tano magamba yake yakaanza kufanana na kitu.

Siku ya saba Chiku alimleta mzee kwa bajaji. Alikuwa ameng'ang'ania tangu juzi. Walimkalisha kwenye kiti karibu na kichwa kilicholala chali, na kwa kuwa macho ya karibu yalikuwa yamepungua, alipeleka vidole. Akapapasa mguu wa mbele, polepole. "Ignasi," akasema. Akapapasa wa pili, akauliza, "Huyu nani?"

"Mimi, baba."

Mzee akarudia kupapasa, mara ya pili, mara ya tatu. "Bado kidogo hapa mwishoni," akasema. Kisha vidole vikaenda katikati vikitafuta, vikafika kwenye kovu, vikasimama. Bandani kote ilisikika redio ya jirani tu.

"Niliyafuta," Bushiri akasema.

"Hata la kwangu?"

"Yalikuwa mstari mmoja, baba."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kwa muda. Bushiri hakujua kama amekasirika au anafikiri. Mwishowe alimgeukia Ignasi, akamuuliza kama wanawe hawajambo, na kama Benedikta, binti yake, ameshamaliza chuo, na wakazungumza habari hizo mpaka Chiku akasema bajaji inasubiri. Wakati wa kuinuliwa, mzee alimshika Bushiri begani, akajiegemeza kwa uzito wake wote, na akatembea naye hivyo mpaka barabarani.

Jioni ile Bushiri aliirudia ile sehemu ya mwishoni.

*

Mashine ilifungwa Jumatano. Walikereza chuma cha majaribio, wakakipima pamoja, wakabadilishana kipimio na kupima tena kila mmoja kwa zamu. Mwanzo na mwisho vilikuwa sawa. Ignasi alikusanya vitu vyake kwenye kiboksi, akaiacha patasi moja juu ya meza, ile ndefu. Bushiri alidhani ameisahau, akamwita. Ignasi akasema ana nyingine, akaendelea na safari yake.

Hawakuwa marafiki. Ingekuwa uongo kusema hivyo. Ignasi hakuja tena kupiga soga Gerezani, na Bushiri hakwenda Feri ila kwa shida. Mtu wa mashine ya unga alirudi, na wengine wakafuata, na wapo wazee waliochungulia ndani na kuuliza kama yule fundi wa mkono wa kushoto siku hizi yuko wapi. Bushiri alikuwa akiwaelekeza. Mara nyingine aliwaelekeza vizuri, mara nyingine aliwaambia Feri tu, wakaulize wenyewe huko. Nyumbani Magomeni mzee alikuwa bado anaanza na "Ignasi hajambo?" kabla ya lolote, na Bushiri alikuwa bado anahisi kitu kinamgusa chini ya mbavu, ila sasa aliweza kujibu na kuendelea kula.

Miezi minne baadaye, jamaa wa karakana ya Msimbazi alimletea kitanda cha mashine nyingine, kimeliwa upande mmoja, akamuuliza kama anaweza kukikwangua. Bushiri alikaa na kazi ile siku kumi na moja, peke yake, na rangi ya bluu mpaka kwenye kope. Alipoona amefika mwisho wa uwezo wake, alimpigia simu Ignasi, akamwambia kama ana nafasi apite atazame.

Ignasi alipita Jumamosi, na miwani yake. Alizunguka, akapapasa, akainama, akapapasa tena.

"Pembe ya kule," akasema, "rudia."

Bushiri akasubiri kama lipo neno lingine. Halikuwepo. Ignasi alikuwa ameshakaa juu ya ndoo, anamimina kahawa kutoka kwenye chupa ya Salma. Bushiri akachukua patasi, akaegemeza nyonga, akairudia ile pembe.